Ukipewa namba kubwa, ivunje kwanza

Wengi wanaoanza nadharia ya namba, wakiwekewa namba ndefu mbele yao, hukimbilia majina: hii ni tasa? Ni timilifu? Ni ya pembetatu? Yaacheni majina kwanza. Tafuteni vigawo tasa, majina yatajileta.

Tuichukue 33550336. Ni shufwa, basi igawe kwa 2, uendelee hivyo mpaka ikatae. Utagawa mara 12 na itabaki 8191. Hapa ndipo wengi huchoka, maana kuhakikisha kuwa 8191 ni tasa kwa njia ya kawaida ni kujaribu kila namba tasa mpaka 89. Lakini iangalie vizuri: ni 2¹³ ukitoa 1. Tangu karne ya 17 mwanahisabati Mfaransa Fermat alishaonyesha kuwa kigawo tasa cha namba ya aina hii, yenye kipeo tasa kama 13, lazima kiwe kigawe cha 26 (mara mbili ya kipeo) ukijumlisha 1. Chini ya 90 ziko tatu tu: 27, 53 na 79. Ya kwanza si tasa, itupe. Gawa 8191 kwa 53, inabaki 29. Gawa kwa 79, inabaki 54. Basi, 8191 ni tasa! Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa kufikiri kidogo kumeokoa ukurasa mzima wa kugawanya.

Sasa tunayo 2¹² × 8191, na mengine ni mteremko. Idadi ya vigawo vyake ni 13 × 2, yaani 26. Ukivijumlisha vyote unapata 8191 × 8192 = 67100672, mara mbili kamili ya namba tuliyoanza nayo. Ukiiondoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 33550336. Ndiyo maana inaitwa timilifu, na ni ya tano baada ya 6, 28, 496 na 8128. Tena ni jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 8191, kwa hiyo ni ya pembetatu pia. Kwa lugha ya kompyuta, ya 0 na 1 tu, inaandikwa 1 mara 13, kisha 0 mara 12.

Jihadharini na ruwaza za mifano michache. Nicomachus wa Gerasa, mwanahisabati wa kale, alizijua zile nne za mwanzo, akasema kila urefu wa tarakimu una timilifu moja, na kwamba zinaishia 6 na 8 kwa kupokezana. Ya tano ina tarakimu 8, si 5. Ya sita, 8589869056, inaishia 6 kama ya tano. Hata kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba ya aina hii kuwa tasa: 2¹¹ ukitoa 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89.

Hiyo ya sita ifanyeni wenyewe. Mkimaliza kugawa kwa 2 itabaki 131071, ambayo ni 2¹⁷ ukitoa 1. Safari hii tumieni vigawe vya 34, na mkishatupa zisizo tasa, za kujaribu zitakuwa nne tu. Zitafuteni kwa mkono kabla ya kushika kikokotoo.