Kwenda saa moja, kurudi saa tatu? Safari ya ndege Lubumbashi–Kinshasa

SWALI: Jambo sana bandugu wa gazeti. Mutoto wetu wa kike anaenda kusoma Kinshasa, tumemulipia biye ya ndege kwenda na kurudi. Kwenda wameandika ataondoka 13h00 afike 14h20, kurudi aondoke 9h00 afike 12h20. Sasa njia si ni ileile? Baba yake anasema ajansi walikosea. Na ni kilometa ngapi kabisa?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, ajansi hawakukosea, musiende kuwagombeza. Saa ya kuondoka inaandikwaka kwa saa ya mji anakotoka, na ya kufika kwa saa ya mji anakofikia, na sisi wa Katanga pamoja na Kasai, Kivu mpaka Kisangani tuko mbele ya Kinshasa saa nzima. Akitua Kin 14h20, kwako Katuba ni 15h20, kwa hiyo amekaa hewani saa mbili na dakika 20, na kurudi ni vilevile, toa ile saa moja kwa 12h20 utaona hesabu inaingia.

Hiyo saa inatoka kwa jua. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, Kinshasa iko karibu na digrii 15 mashariki, sisi tuko 27 na nusu, basi jua linatupitia sisi kwanza, dakika karibu 50 mbele yao. Na hapa kwetu hatubadilishi saa mwaka mzima kama Ubelgiji, wale wakati wa baridi wanakuwa sawa na Kinshasa, wakati wa joto wanakuwa sawa na Lubumbashi (wenye ndugu Bruxelles mukumbuke hilo mbele ya kupiga simu usiku).

Kilometa: kwa ndege, mstari ulionyooka, ni kama 1,550. Ni mbali kweli, Johannesburg ni kama 1,600 tu, yaani kutoka kwetu, mji mkuu wetu na Johannesburg umbali ni karibu sawa! Kwa barabara, kupitia Kolwezi, Kasai na Kikwit, inapita 2,000 na njia munaijua namna iko, ao ile ya wazee, treni mpaka Ilebo halafu mashua kwa mto Kasai. Ndege inayopitia kwanza Mbuji-Mayi ao Kananga itachelewa zaidi, muulize ajansi kama ni ya moja kwa moja.

Mwenye atakayemupokea kwa uwanja wa ndege wa N'djili mumwambie 14h20 ya Kinshasa. Na wewe mama usianze kupiga simu 14h20 ya hapa, atakuwa bado juu na simu imezimwa, utahangaika bure. Ngoja kama 16h00 ya kwako, atakuwa ameshachukua mizigo yake.