Wasomaji Wanauliza: Naogopa bahari, nipande meli ya kitalii?

SWALI: Kaka Baharia, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Tanga na mume wangu. Kijana wetu wa mwisho anafanya kazi Rotterdam. Mwakani tunatimiza miaka 40 ya ndoa na yeye anataka kutulipia siku saba katika meli ya kitalii: tupandie Barcelona, tupitie Marseille, Genoa, bandari ya Roma, Palermo na Malta, kisha turudi tulipoanzia. Baba yake ameshapeleka suti kwa fundi. Mimi usingizi umenipaa. Kwanza, nimevuka kwenda Pemba mara mbili tu maishani, na mara zote nilitapika hadi nyongo. Pili, mtoto wa dada yangu alikuwa katika ile meli iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Hata maiti hatukupata ya kuzika. Tatu, sijui watu wanafanya nini siku saba juu ya maji. Chakula chetu kitakuwepo? Na swala? Niambie ukweli, usinifiche. Nikikataa nitamvunja moyo mtoto.
Mwalimu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Poleni sana, na Mwenyezi Mungu amrehemu mtoto wenu. Nitaanza na hilo, maana hayo mengine yote yanazungumzika.

Nimetunza vyumba katika meli za kitalii kwa miaka sita. Mwaka 2019 nilirudi nikiwa abiria, na mama yangu mzazi, mtu wa Mji wa Kale Mombasa, wakati huo ana miaka 68. Njia yetu ilikuwa hiyohiyo anayotaka kuwapeleka kijana wako. Kwa hiyo meli hizi nazijua kwa ndani, na hofu ya mama mtu mzima anayepanda ngazi yake nimeishika mkononi.

Meli ile ya 2011 ilijaza watu kupita kiasi. Hilo kila mtu wa pwani analijua. Katika meli ya kitalii huwezi kuingia bila kadi yenye picha yako, na kila ukitoka au kuingia kadi inasomwa na mashine. Nahodha anajua idadi ya watu waliomo, mmoja mmoja. Boti na rafti za kuokolea zinatosha kila mtu na ziada inabaki. Sikwambii kwamba hazipati ajali. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Wako abiria waliokuwa wamepanda siku ileile na walikuwa hawajafanya mazoezi ya kujiokoa, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka yafanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka.

Mazoezi hayo usiyachukulie kama usumbufu, Mwalimu. Kwako wewe ndiyo dawa yenyewe. Mlio wa hatari ni honi saba fupi na moja ndefu. Kadi yako ina herufi ya kituo unachotakiwa kukusanyika. Mimi na mama, baada ya kuonyeshwa kituo chetu, tulirudi chumbani tukaanza upya: kutoka mlangoni, milango kumi na moja mkono wa kulia, kisha ngazi, deki mbili kushuka, kisha mlango mzito wa chuma. Tulipita kwa ngazi, hatukugusa lifti, kwa kuwa siku ya hatari lifti hazitumiki. Mara ya pili nilimwambia afumbe macho apapase reli ya ukutani. Mara ya tatu alinitangulia mwenyewe, buibui amelikusanya mkono mmoja, anahesabu milango kwa sauti. Alipogusa ule mlango wa chuma alisema, "Basi, sasa nitalala." Akalala. Nawe fanya hivyohivyo na mzee, saa ya kwanza tu, kabla hamjafungua masanduku.

Sasa kutapika. Uliyovuka wewe ni mkondo wa Pemba, katika chombo kidogo, na pengine ulikuwa msimu wa kusi. Meli hizi ni kubwa mno, na ubavuni chini ya maji zina mapezi yanayojigeuza yenyewe kuzuia chombo kisiyumbe. Siku nyingi utasahau kama uko majini. Lakini kuna mahali pamoja katika njia yenu: Ghuba ya Lion, mbele ya pwani ya Marseille. Upo upepo unaoshuka kutoka bara ya Ufaransa, wenyeji wanauita mistral, na ukivuma, hata meli kubwa inausikia. Sisi ulitukuta usiku. Hanga za nguo zikaanza kugongana kabatini, tik, tik, tik, na mama akauliza kizani, "Nani anabisha hodi?" Nikaamka nikazifunga kwa mtandio wake. Alijisikia kizunguzungu, hakutapika.

Mwambie kijana achukue chumba cha deki za chini, katikati ya meli, mbali na omo kule mbele na mbali na tezi kule nyuma. Hapo ndipo panapotikisika kidogo kuliko pote, na mara nyingi bei yake huwa ya chini. Safiri Mei, Juni au Septemba, majira ya baridi msiende. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu uviulizie kwa daktari wako Tanga kabla ya safari, hasa kama unatumia dawa za presha. Ukisikia tumbo linageuka, toka nje uangalie mstari wa upeo wa macho, utafune mkate mkavu. Tangawizi nayo inasaidia.

Watu wanafanya nini? Kila jioni mnaletewa ratiba ya kesho: muziki, tamthilia, mabwawa ya kuogelea, michezo, maduka. Vijana wanakimbizana nayo. Mama yangu kwa siku saba aliingia ukumbi wa tamthilia mara moja tu. Alichokipenda ni kile kibaraza cha pembeni kinachozunguka meli, chenye viti vya kujinyoosha. Alikaa pale na tasbihi yake akiangalia maji, na ndipo nilipojua kwamba mimi mwenyewe, kwa miaka yote sita, bahari sikuwahi kuitazama.

Hili nalisema kwa uchungu: msikimbilie bandari zote. Mimi nilikosea. Bandari inayoitwa ya Roma ni Civitavecchia, na kutoka pale hadi Roma ni karibu kilomita 80, zaidi ya saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Nilimburuta mama. Tulisimama juani tukaona kuta na migongo ya watu, tukarudi kwa mbio tukiogopa kuachwa. Usiku miguu yake ilivimba, nikamkanda kwa maji ya chumvi niliyoomba jikoni. Mngekuwa wangu, siku ya Roma ningewaacha melini. Abiria wengi wanakuwa wameshuka, meli imetulia, viti vyote ni vyenu.

Nguvu zenu zitunzeni kwa Malta. Meli ikiwa inaingia Valletta alfajiri, muwe nje mapema. Bandari yao kuu imezungukwa na kuta ndefu za mawe ya rangi ya asali, na meli inapita katikati yake polepole, karibu hata unaona nguo zilizoanikwa roshanini. Mama alisimama kwenye reli bila kusema neno. Kisha tukashuka, na hapo hapana safari ndefu: kutoka ufukweni kuna lifti ya kulipia inayokupandisha moja kwa moja hadi bustani ya Barrakka ya juu, huhitaji kupanda mlima. Saa sita mchana hupigwa mzinga. Kaa kwenye benchi usikilize watu wanavyoongea. Kimalta kimetokana na Kiarabu. Bahari wao wanasema baħar. Sita ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Mama alimwuliza muuza matunda bei kwa vidole, yule mama akajibu kwa lugha yake, na mama akaielewa tarakimu kabla sijafungua mdomo kumtafsiria. Walishikana mikono wale wawili. Mpaka leo nikimwuliza habari za Ulaya, ananisimulia yule muuza matunda.

Kutoka Malta hadi Barcelona kuna siku nzima ya bahari tupu. Hiyo usiiogope, ndiyo siku nzuri kuliko zote.

Chakula ni kingi, na swali ni kipi. Nyama ihesabu si ya halali mpaka mwambiwe vinginevyo kwa maandishi. Kijana aiandikie kampuni mapema, wakati wa kulipia, kwamba nyinyi ni Waislamu. Samaki, mayai, wali, mboga na matunda mtavikuta kila siku. Asubuhi yupo mpishi anayekaanga mayai mbele yenu. Mwombeni atumie kikaango kisafi, maana nyama ya nguruwe nayo inakaangwa hapohapo. Mchuzi wenye rangi nzito ulizeni kwanza, mara nyingi umetiwa mvinyo. Mama alikula samaki usiku sita mfululizo na hakunung'unika.

Swala: chukua msala wako, nafasi kati ya kitanda na ukuta inatosha. Meli inageuka, kwa hiyo kibla utakitazama upya kwa simu kila swala. Mkipewa chumba cha ndani kisicho na dirisha, ni giza totoro saa zote, na bila kengele ya simu alfajiri itakupita. Jueni pia kwamba Barcelona mwezi wa Juni jua linazama saa tatu usiku na dakika, kwa hiyo kama kuna zamu mbili za chakula cha jioni, chagueni ya mapema. Mambo ya kukusanya na kupunguza swala za msafiri umwulize sheikh wako, mimi si mjuzi.

Yanayobaki ni ya kijana, msomee. Hispania, Ufaransa, Italia na Malta zote zimo katika Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa hiyo viza moja inawatosha. Ada yake sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanaanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari, basi msisubiri dakika za mwisho. Lakini akibadilisha njia akachagua meli inayogusa Tunisia, Uturuki au Montenegro, mtakuwa mmetoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikiondoka tu, simu ziwekwe hali ya ndege, kwa sababu mtandao wa simu wa melini hula pesa ajabu. Soda na maji ya chupa mara nyingi hulipiwa juu ya bei ya tiketi. Na mfike Barcelona siku moja kabla. Wakala aliyenikatia tiketi 2019 alinipangia ndege inayotua asubuhi ya siku ileile ya meli. Ndege ikachelewa, tukafika bandarini zimebaki dakika 40 mlango kufungwa, mama anapumua kwa shida juu ya sanduku. Sitaki mzee wenu apitie vile.

Kwa ushauri wangu, Mwalimu, nenda. Na ule mlango wa chuma, ukishaujua njia yake, uniandikie.

SWALI: Baharia, mimi niko Muscat. Nimelipia safari ya siku nne inayoanzia Dubai, nikaona kila mtu atakatwa ada ya huduma kila siku. Jamaa yangu ananiambia niende dawati la mapokezi niifute, eti inaruhusiwa. Nifute?
Msomaji, Muscat

JIBU: Kampuni nyingi zinaruhusu. Kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mtu kwa siku, na kwa familia ya watu wanne hizo si haba, naelewa. Lakini ndugu yangu, usiifute. Ihesabu kama sehemu ya nauli tangu unapokata tiketi, na kama ni nzito, punguza siku.

Nilikuwa na vyumba 18, asubuhi na jioni, siku saba za wiki, kwa mkataba wa miezi minane bila siku moja ya mapumziko. Ile ada ilikuwa ndani ya mshahara wangu. Ikifutwa, nilikuwa napungukiwa mimi na wenzangu wa jikoni na dobi ambao abiria hawawaoni kabisa. Nilijifunza kujua nani kafuta, na niliendelea kumtandikia vizuri vilevile, ila jioni nikipiga hesabu ya ada ya shule ya mdogo wangu niliikumbuka namba ya chumba chake.

Ukitaka kumwongezea mhudumu wako kitu mkononi, mpe usiku wa mwisho. Asubuhi ya kushuka humpati. Anakuwa ameshavua mashuka ya chumba cha kwanza, na abiria wapya wanafika adhuhuri.