Mzeituni mwitu: uupande au uuache?

Hapa Lushoto ninakootesha miche, swali hili limeanza kunijia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana wanaosoma mambo kwenye simu: "Mzeituni mwitu si ndio uliowasumbua watu wa Australia? Mbona unatuuzia?" Wana haki ya kuuliza, maana habari hiyo ni ya kweli. Mti huu ulipelekwa Australia karne ya 19, na leo huko New South Wales, hasa magharibi ya Sydney, umefunga sehemu kubwa za misitu. Kivuli chake ni kizito, miche ya miti ya asili inakosa mwanga na kufa ikiwa bado midogo. Hawaii nako umeleta tabu hiyohiyo.

Kwetu haukuletwa na mtu. Ni mwenyeji wa milima ya Afrika Mashariki, wadudu wake wapo, mbuzi wanautafuna, na watu wanaukata kwa kuni na mkaa kuliko unavyowahi kukua. Mimi hapa naogopa usije ukaisha.

Ila msiseme basi mti wa Tanzania hauna madhara popote Tanzania. Nendeni Amani, hukohuko mkoani kwetu, wilaya ya Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa miti na mazao pale mwaka 1902, na miongoni mwa miti iliyoletwa enzi za ukoloni ni msizi, ambao kwao ni Bukoba, nchi hiihii. Tunda lake hondohondo analipenda sana. Anakula, anaruka masafa marefu, anatua juu ya mti mwingine, na mbegu inaanguka pale. Msitu ulipokatwa mbao ukabaki na mapengo, msizi ndio uliowahi kuyajaza, kwa kuwa unakua upesi na unapenda mwanga. Sasa umo hadi ndani ya hifadhi.

Kwa hiyo mteja akija nami humuuliza kwanza: shamba lako liko wapi, na nani atakula matunda? Zeituni mwitu ni dogo, jeusi likiiva, nyama yake nyembamba, na ndege hawaliachi. Kama uko huku milimani, ndege wakibeba mbegu hadi kwenye genge la mlima wanarudisha mti kwao. Ndugu zetu walioko ng'ambo wanaoniomba mbegu niwatumie kwa bahasha, hao nawakatalia, hata wakinuna.

Faida zake ni za mtu mwenye subira. Mti wake ni mgumu sana, mzito, na nguzo zake hudumu ardhini kwa sababu mchwa wanaushindwa. Ukame unauvumilia. Lakini anayetaka nguzo za kuuza baada ya miaka michache apande mgrivea (ambao nao, tukumbuke, ulitoka Australia kuja kwetu).

Kuotesha kunataka mkono. Menya nyama ya tunda lote, osha kokwa, ianike kivulini. Kokwa ni ngumu kama jiwe, ukiipanda hivihivi utangoja sana. Mimi huishika kwa koleo na kuibana polepole mpaka nisikie mlio mdogo wa kupasuka, halafu naacha hapohapo, maana ukizidisha kidogo unaponda kiini. Kisha naloweka kwenye maji na kusia kwenye mchanga. Miche ikitoka, izungushie miiba. Mbuzi wa jirani hatakuonea huruma.

Walioko Tanga mjini, Pangani na Bagamoyo, msihangaike nao. Ni mti wa milimani, na joto la pwani haliufai. Pandeni mkwaju: nao ni wa Afrika, kivuli kipo, na ukwaju hauwezi kukosa mnunuzi.