Siku moja tu Istanbul, na sisi ni watu 26

SWALI: Shangazi, salaam aleikum. Mie ni mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, naishi Kisauni. Mwezi ujao grupu letu la wanafunzi 24 na maticha wawili tunaenda Istanbul, Uturuki, na siku ya matembezi ni moja tu, Jumanne. Mie ndo nimeachiwa kupanga na kila mtu ana lake, listi ishafika sehemu kumi na moja, wengine wanataka maduka tu basi. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Anza kwa kufuta. Sehemu kumi na moja na watu 26, siku nzima mtashinda mkihesabiana kwenye vituo vya tramu. Tena Jumanne jumba la Topkapi, lile la masultani wa zamani, hufungwa, kwa hivo hilo lishajifuta lenyewe, usimuache mtu akalishikilia.

Saa tatu asubuhi muwe mshafika mtaa wa Sultanahmet. Hapo Ayasofya na ule Msikiti wa Buluu wenye minara sita zinatazamana, katikati ni bustani tu, hamhitaji gari. Ayasofya ilimalizika kujengwa mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, baadaye makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Hebu fikiria, Fort Jesus yetu inaanza kujengwa 1593 hiyo ishapitisha miaka elfu moja imesimama! Kuingia Ayasofya mtalii hulipa, ilipoanza 2024 ilikuwa yuro 25 na anapelekwa ghorofa ya juu, lakini anaeingia kuswali ana mlango wake na halipi, kwa hivo wapangeni mapema nani anaenda wapi. Msikiti wa Buluu ni bure ila wakati wa swala watalii hawaingii, basi uoneni kabla ya adhuhuri, na wasichana kila mmoja achukue leso yake kutoka nyumbani, itamfaa kujifunika.

Hao wa maduka wapeni saa moja unusu Soko Kuu lililofunikwa, isizidi. Maduka ni maelfu na vichochoro zaidi ya sitini, ukizoea Marikiti usijidanganye umezoea na huku. Nshawahi kwenda na vijana pale, mmoja akapotea, simu haina chaji, tukamtafuta mpaka magharibi na mamake anapiga simu kutoka Likoni analia, sitaki yawakute nyinyi. Chagueni geti moja, Nuruosmaniye, mkutane hapo. Na ukimuona mpiga viatu rangi amedondosha brashi mbele yako, endelea na safari yako: ukimuokotea atajifanya kukushukuru kwa kukusafishia kiatu, akimaliza anakudai pesa.

Ila kitu ambacho nakuomba kabisa usikifute ni feri. Chukueni tramu ya T1 mpaka Eminönü mpande feri ya Üsküdar kama saa kumi hivi. Sisi tumezoea Likoni, unavuka umesimama umebanwa na mkokoteni, unatoka kisiwani unaingia bara. Kule unapanda uko Ulaya unashuka uko Asia, kwa kama dakika ishirini hivi, umekaa na chai yako ya kigilasi na shakwe wanaifuata meli, na misikiti yote mliyoizunguka asubuhi mnaiona kwa mbali. Kupanda na kushuka nendeni wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kumuulizia, na ticha mmoja awe wa mwisho kabisa.