Kumtuza mfanyakazi na tija kazini: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Maswali ya safari hii yametoka kwa waajiri na wafanyakazi wa mikoa yetu miwili, na yote yanahusu jambo moja: kama tuzo, bonasi na zawadi kweli huongeza tija, au ni gharama isiyorudi. Nimeyafupisha bila kugusa kiini chake.

Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara Mjini. Tangu nianze kuwalipa wabanguaji kwa kilo, kazi inakwenda haraka, lakini korosho zinazovunjika zimeongezeka mno. Je, nirudi kwenye malipo ya siku?

Usirudi huko kabla hujabadilisha kile unachokilipia. Kwamba malipo yanayofuata kazi iliyofanyika huongeza tija ni jambo lenye ushahidi mzuri. Mchumi Edward Lazear alichunguza kampuni ya Safelite ya Marekani, inayofunga vioo vya magari, ambayo katikati ya miaka ya 1990 iliacha kuwalipa mafundi kwa saa na kuanza kuwalipa kwa kila kioo walichofunga. Tija kwa kila fundi ilipanda kwa takriban asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu wale wale kujituma zaidi, na sehemu iliyobaki ilitokana hasa na mafundi hodari kuvutiwa na kampuni hiyo na kubaki nayo.

Hata hivyo, kioo kilichofungwa vibaya huvuja au hupasuka, na kosa linajulikana ni la nani, kwa hiyo Safelite iliweza kumtaka fundi airudie kazi yake. Kwako wewe mizani inaonyesha uzito tu, haionyeshi kama korosho ni nzima au ni vipande, ilhali sokoni bei ya korosho nzima inazidi kwa mbali ile ya vipande. Wabanguaji wako si wazembe. Wanafanya hasa kile ambacho malipo yako yanawaambia wafanye. Weka bei mbili, moja ya kilo ya korosho nzima na nyingine ya chini kwa vipande, na tofauti kati yake iwe kubwa kiasi cha kumfanya mbanguaji aone faida ya kutuliza mkono. Upimaji ufanyike mbele yake, na yeye abaki na nakala ya kile kilichoandikwa.

Kabla ya hapo, kagua sehemu ya kazi iliyo mikononi mwako. Korosho ambayo haikupata mvuke wa kutosha, au ambayo haikukaushwa ipasavyo, itavunjika hata mikononi mwa mbanguaji bora, na si haki mama wa watu apoteze kipato kwa sababu ya tanuri lako. Kumbuka pia kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi: anayelipwa kwa kasi ataona glavu zinamchelewesha na atazivua. Kwa hiyo vifaa vya kinga visiwe hiari ya mtu, na muda wa kuvivaa uhesabiwe unapopanga bei ya kilo. Nasisitiza hili kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu bado inasafirishwa nje ikiwa ghafi, na viwanda vya kubangua havitasimama huku kusini kwa kuchosha na kuumiza wanawake wanaoviendesha.

Mimi ni mwalimu mkuu wilayani Newala. Kamati ya shule inataka kuwapa walimu fedha kwa kila mwanafunzi atakayefaulu. Itasaidia?

Itasaidia ikiwa walimu wana vya kufundishia. Nchini mwetu jambo hili limejaribiwa katika shule 350 za msingi katika wilaya 10, mwaka 2013 na 2014. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya fedha peke yake, baadhi zilipewa motisha ya walimu peke yake, na nyingine zilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu, na motisha peke yake ilileta matokeo madogo yasiyo thabiti. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizoonyesha ongezeko la wazi. Mwalimu aliyeahidiwa fedha lakini hana vitabu anabaki na ari isiyo na pa kushika, na mwenye vitabu bila ari anaviacha kabatini.

Hofu yangu ni juu ya mtihani wenyewe. Utafiti mwingine, uliofanyika Kenya katika wilaya za Busia na Teso, ulionyesha kwamba alama zilipanda katika mitihani iliyofungamanishwa na tuzo, lakini mahudhurio ya walimu darasani hayakuongezeka, na ongezeko la alama halikudumu baada ya mpango kumalizika. Ishauri kamati ilipie uwezo wa mtoto wa kusoma na kuhesabu, upimwe na mtu asiye mwalimu wa darasa hilo.

Nafanya kazi katika nyumba ya wageni mjini Masasi. Tukifanya kazi hadi usiku, bosi hutupa kiasi anachopenda na kukiita zawadi. Ni sawa?

Si sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hayo ni malipo ya jasho lako, na kuyaita zawadi kunamfanya mfanyakazi ashukuru kwa kilicho chake. Andika saa zako kila siku, zungumza na mwajiri kwa heshima, na ikishindikana nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa upande wa tija, jibu ni lile lile: bonasi inayotolewa na mwajiri anayedaiwa mshahara haiamshi ari ya mtu yeyote.

Katika kituo chetu cha afya Kilwa, cheti cha mfanyakazi bora wa Mei Mosi hutolewa kwa zamu. Cheti kina faida yoyote?

Kina faida kikitolewa kwa kazi inayoonekana, na kikitolewa kwa zamu hakina. Mjini Lusaka, wasusi na vinyozi walishirikishwa kuuza kondomu za kike kwa ajili ya kinga ya UKIMWI. Waliowekewa bango la nyota lililoonyesha mauzo yao mbele ya wateja waliuza takriban mara mbili ya wenzao, wakiwemo waliolipwa fedha kwa kila pakiti. Heshima mbele ya watu ina nguvu, ila lazima watu wajue imetolewa kwa sababu gani. Tangazeni vigezo mwanzoni mwa mwaka.

Nina gereji Lindi Mjini. Nilitoa bonasi ya Idi, vijana wakajituma siku chache tu kisha wakarudi kama zamani. Nimekosea wapi?

Hujakosea, zawadi ya ghafla ndivyo ilivyo. Uri Gneezy na John List, katika utafiti waliochapisha mwaka 2006, waliongezea malipo watu waliokuwa wakiingiza taarifa za maktaba kwenye kompyuta, na juhudi ya ziada ilififia baada ya saa chache. Endelea kutoa bonasi ya Idi kwa wema, lakini tija itafute kwenye kitu kinachojirudia na kinachojulikana mapema, kwa mfano fungu dogo la kila mwezi kwa magari ambayo hayakurudishwa kwa kosa lile lile. Bonasi pia huhesabiwa katika kodi ya mapato ya mfanyakazi.

Tunapakia magunia ghalani Tandahimba. Msimamizi anataka kumlipa zaidi anayewazidi wenzake. Sisi tunaona italeta chuki.

Mna hoja. Katika shamba moja la matunda nchini Uingereza, wachumaji walipolipwa kwa kulinganishwa na wastani wa wenzao, walijizuia ili wasiwaumize marafiki zao. Walipolipwa kwa kilo bila ulinganisho, tija ilipanda kwa nusu au zaidi. Nanyi hambebi kila mmoja peke yake: kuna anayetwisha, anayepokea na anayepanga juu ya lori. Mwombeni msimamizi alipe kikundi kizima kwa kila lori lililopakiwa bila gunia kuchanika, na kikundi kiwe kidogo kiasi kwamba anayekwepa zamu yake anaonekana na wenzake siku hiyo hiyo.