Bomba la kung'aa lililoninyima nguvu

Wiki hii kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kung'oa ule mpira mweusi wa hewa niweke bomba la alumini na filta ya wazi, gari livute. Unasemaje?" Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha ghafla. Huyo kijana ni mimi wa miaka mitatu iliyopita.

Nilitoa boksi la ea klina, lile linalochuja hewa ya injini, pamoja na mpira wake, nikafunga bomba linalong'aa na filta ya koni. Nikajiona mwamba. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta pumzi kwa mngurumo unaosikika hadi kiti cha nyuma. Kila niliyekutana naye nilimwambia gari limeongezeka nguvu. Kumbe kilichoongezeka ni kelele.

Alfajiri gari lilikuwa sawa. Shida ilikuwa mchana, kwenye foleni. Ukichomoka tu ukataka kuovateki, gari zito kana kwamba linaburuta jiwe. Nikabadili plagi, nikabadili filta ya petroli. Mengine niliyobadili sitawachosha nayo, mfuko wangu unayajua.

Fundi mmoja, ambaye nilikuwa nimemnunia kwa sababu hakulisifia bomba langu, ndiye aliyechomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akanionyesha mstari mmoja tu: joto la hewa inayoingia. Tumesimama, gari liko kwenye silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta: nyuzi 61. Tukaondoka, barabara ikafunguka, namba ikaanza kushuka taratibu, 50, 45, ikatulia 38. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Hewa ikipata moto hutanuka. Kutoka nyuzi 38 hadi 61, ujazo uleule wa hewa unapungua uzito kwa karibu asilimia 7. Silinda inameza kiasi kilekile, ila oksijeni ni pungufu, na petroli nayo inapunguzwa ilingane nayo. Hewa ya moto pia huifanya injini iwe rahisi kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, kwa hiyo kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inashuka tena. Boksi nililolidharau lilivuta hewa ya nje kupitia mdomo ulio nyuma ya taa ya mbele. Filta yangu ya wazi ilikuwa inavuta joto la rejeta na egzosi. Alumini nayo hushika joto, ingawa ukiwa mwendoni hewa hupita haraka mno kupashwa sana. Kosa kubwa ni pale hewa inapochotwa.

Nikarudisha vya zamani kwa aibu, na hapo nikajiletea la pili. Mpira ulikuwa umekakamaa stoo. Nilipoulazimisha ukachanika ndani ya mkunjo, upande wa chini. Silensa ikawa inapanda na kushuka, taa ya injini ikawaka, msimbo P0171: hewa imezidi petroli. Ufa ulikuwa baada ya sensa inayopima hewa inayoingia, hivyo hewa iliyopenya pale haikuhesabiwa. Ukiutazama juujuu huoni kitu. Ukiukunja kwa mikono miwili, ufa unafumbuka kama jicho.

Kwa hiyo vijana, acheni kudanganywa na masikio. Pimeni joto kwanza, gari likiwa kwenye foleni na likiwa mwendoni. Mpira ukunjeni, upapaseni chini, muone kama umelegezwa na oili. Ukiwa na ufa, nunua mwingine. Selotepu ni ya kukufikisha nyumbani tu. Wenye dizeli ya tabo, mkisikia mluzi mkikanyaga na moshi mweusi unatoka, anzeni na mipira ya intakula, ile inayopoza hewa inayotoka kwenye tabo, kabla hamjaihukumu tabo yenyewe. Na pimeni joto kabla ya kununua chochote. Ndiyo, nimeshasema. Mimi niliambiwa mara moja nikajifanya sisikii.

Bomba lenyewe ninalo bado, kijana wangu, liko uvunguni, linang'aa vilevile. Usiniulize bei. Siuzi.