Wasomaji wauliza: Kuongeza kilomita za wiki bila kuumiza miundi

*Asalaam aleikum. Nakimbia siku tatu kwa wiki, jumla kilomita 20. Nataka kukimbia nusu marathoni Nairobi mwezi wa Oktoba, basi mwezi uliopita nikapanda hadi 38. Pumzi sina tabu nayo, lakini muundi wa kulia waniuma kila nikianza kukimbia. Nivumilie? Na nipandeje?*
Msomaji wa Langoni, Lamu

Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usivumilie kabla hujaupima. Kaa, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Maumivu yakiwa yametapakaa kwa urefu wa kiganja, na yakipungua mwili unapopata moto, ni mfupa na misuli iliyoshikana nao imechoka: punguza mbio kwa nusu kwa wiki mbili. Yakiwa mahali pamoja pa ukubwa wa sarafu, ukirukaruka kwa mguu huo unachomwa, au unauma usiku umelala, acha kukimbia kabisa ukamwone daktari, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa. Mwambie ulivyoongeza kilomita. Eksirei ya wiki mbili za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii, kwa hiyo picha safi peke yake si ruhusa ya kurudi kukimbia.

Kilichokuponza ni hiki. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya katika wiki chache. Mfupa ukipigwa kuliko ulivyozoea, mwili huanza kwa kuchimba sehemu zilizochoka ndipo uzijaze upya, na kule kujaza huchukua miezi. Hapo katikati, aghalabu karibu na wiki ya tatu au ya nne, mfupa huweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujapandisha. Na ndizo wiki zile zile pumzi inapokuambia ongeza.

Wengi wameshika kanuni ya kuongeza asilimia 10 kila wiki. Sisi hatuipendi. Anza na 20, na wiki nane baadaye uko kwenye 43: umezidisha mara mbili bila kusimama hata mara moja. Afadhali upande ngazi, ukae juu yake wiki tatu, ushuke wiki moja, ndipo upande nyingine. Tena ongeza siku kwanza, urefu baadaye, kwani kilomita 4 za siku ya nne huuchosha mguu kidogo kuliko kilomita 4 zilizobandikwa mwisho wa mbio ndefu.

Maumivu yakiisha kabisa, rudi kwenye 20 yako kwa wiki mbili, kisha fanya hivi. Wiki ya 1 hadi ya 3, kilomita 24: Jumatatu 6, Jumatano 6, Ijumaa 4, Jumapili 8. Wiki ya 4 shuka hadi 18. Wiki ya 5 hadi ya 7, kilomita 29: 7, 8, 5 na 9. Ya 8, shuka hadi 21. Wiki ya 9 hadi ya 11 ongeza siku ya tano, jumla 34: 6, 8, 4, 5 na 11. Ya 12 ni 24. Kisha 40 kwa wiki tatu: 7, 9, 5, 6 na 13. Angalia kwamba mbio ndefu haizidi theluthi ya wiki nzima. Hapo ndipo wengi huharibu, wiki ya kilomita 30 wanaiweka 18 siku moja. Zote ziwe za pole, mwendo ambao unaweza kusimulia jambo sentensi nzima bila kukatika. Mbio za kasi ngoja mpaka ukae kwenye 34 bila kuuma.

Baada ya hapo, wiki nne za kuivuta mbio ndefu hadi 16 zinakutosha kuimaliza nusu marathoni, yaani kilomita 21.1. Kama Oktoba imeshakaribia mno, kimbia ile ya kilomita 10 mwaka huu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na mtu wa pwani huhema mapema. Usijipimie muda wako wa Lamu.

*Mimi nakimbia ufuoni. Siku nyingine mchanga mgumu, siku nyingine natoka alfajiri nakuta bahari imejaa hadi juu. Na kano ya kisigino imeanza kukaza.*
Msomaji wa Shela, Lamu

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali. Siku hizo za alfajiri pita njia ya mji, uangalie michirizi na punda. Ufuoni nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, au siku ambayo maji yatakuwa yamepwa sana ndani ya muda wa saa mbili kabla au baada ya mbio zako. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo waweza kupanga juma zima.

Mchanga laini huzamisha kisigino na kuvuta kano kila hatua, ndio unaokukaza. Kimbia penye mchanga uliolowa na kushikana, usizidishe theluthi ya kilomita za wiki, na huko hesabu dakika, si kilomita. Ufuo una mteremko: mguu wa upande wa bahari uko chini muda wote, kwa hiyo rudi kwa mstari ule ule ulioendea. Peku anza na dakika 5 tu, mwisho wa mbio. Wakati wa kusi, anza kwa kuukabili upepo.

*Ramadhani nisipoteze mazoezi, nifanyeje?*
Dada wa Mkomani, Lamu

Dada, shuka hadi nusu au theluthi mbili ya kilomita zako, na usijaribu kupanda mwezi huo. Mbio za pole za dakika 30 zianze dakika 40 kabla ya magharibi, ili ukimaliza futari iko karibu. Ile ndefu ifanye baada ya tarawehe. Baada ya daku usikimbie, maana jasho hilo hutalilipa mpaka jioni.

Jipime kwenye mizani kabla na baada ya mbio: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji, nawe uilipe kidogo kidogo usiku. Maji matupu mengi kwa mpigo hayafai. Dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, basi kula nalo kitu cha chumvi, au changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Baada ya Idi, wiki ya kwanza kimbia robo tatu ya kilomita zako za zamani, na ya pili uzirudie zote.